Sahani Kizingitini

"Shangazi, tazama! Mpaka ukipita hapa, unaamka uko Urusi bila hata kuvua kandambili."

Mpwa wa Kapitolina, mgeni kutoka Omsk, Urusi, alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye ramani, na mstari umeumeza mji wao mzima wa kaskazini mwa Kazakhstan.

"Na Wakazakhi je?" Kapitolina aliuliza.

"Watasogea. Nyika ni kubwa."

Hapo ndipo Kapitolina alipogeuka. Mlango ulikuwa wazi, na jirani yake Mkazakhi amesimama nje na sahani ya maandazi, mvuke ukimpanda usoni. Alikuwa amesikia yote.

Warusi hawapokezani kitu juu ya kizingiti; wanasema kufanya hivyo kunaleta ugomvi. Jirani huyu alifundishwa hivyo na Kapitolina mwenyewe walipokuwa wote mabibi harusi, na miaka yote aliingia kwanza huku akicheka: "Haya, nimevuka, pokea!"

Leo hakuingia. Alinyoosha mkono, sahani ikafika juu ya kizingiti na kubaki pale.

"Pokea, Kapa. Sijui kama bado naruhusiwa kuvuka."

Kapitolina aliutazama ule mkono. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimeungua kwa mafuta ya moto.

"Shangazi, funga mlango bwana, baridi inaingia!"

Kapitolina akavuka kizingiti na kandambili zake, akasimama kwenye saruji baridi kando ya jirani yake, akaipokea sahani kwa mikono miwili.

Kisha akaufunga mlango kwa kisigino, kama alivyoambiwa.