Dakika ya Themanini na Moja

Muuguzi alibonyeza rimoti, na skrini ikamuuliza: Endelea kuanzia dakika ya 81?

Rimoti ikamgandia mkononi. Filamu hii yeye na mumewe waliishia dakika ya arobaini, Jumapili, usingizi ulipowazidi nguvu. Na sheria ya nyumba hii ilikuwa moja tu: hakuna kumtangulia mwenzako.

Mumewe ndiye aliyehamisha DVD zao zote, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ya sebuleni. "Sasa hata zikikwaruzika," alijigamba siku ile, "hakuna kitakachopotea."

Kweli, hakuna kilichopotea.

Labda alichungulia tu, mwanamke akajiambia. Akabonyeza.

Chini ya picha yakatokea maandishi makubwa ya manjano, kila neno lililosemwa likiandikwa. Wivu ukamwingia. Mumewe hayapendi hata kidogo. Husema yanamharibia picha. Aliyeyahitaji kwenye ghorofa hii alikuwa mmoja tu: mshonaji wa mlango wa pili, mrembo asiyesikia vizuri, anayetazama midomo ya watu wanapoongea. Midomo ya mume wa muuguzi huitazama hata akinyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Mumewe akavua viatu, akajitupa kwenye kochi karibu naye, roho kwatu.

"Leo tuimalize, mke wangu. Hivi tulifika wapi?"

Hakumgeukia. Maandishi ya manjano yaliendelea kupita.

"Haya niyazime," akauliza taratibu, "au nimgongee jirani kwanza?"