Mashine ya Wifi

“Ulisema naweza kuacha wakati wowote,” alisema Tatu, huku mpira wa mashine ya kupumulia ukimpulizia hewa ya uvuguvugu puani.

“Hayo huwaambia watu baki. Wewe ni wifi yangu,” Dokta Salha alijibu bila kubandua macho kwenye skrini. “Tena mzima, huumwi popote. Tazama, misuli ya kifua inapumzika. Mashine inakufanyia kazi.”

“Sikuiomba. Kabla sijamaliza kutoa pumzi, inanisukumia nyingine.”

“Vumilia. Kaka atasema nini akisikia umeniharibia utafiti?”

Kwa jina la huyo kaka, mumewe, Tatu alishapika kwenye arusi zote za ukoo wao, akalea watoto wao, na leo amelazwa hapa na vibandiko vya kupimia misuli mbavuni. Alijaribu kuvuta pumzi yake mwenyewe. Hewa ya mashine ikamtangulia.

Akauvua mpira, akauweka kiganjani mwa wifi yake.

“Mwambie nimeuharibu huo utafiti.”

Mpira uliendelea kupuliza, ukipeperusha ncha ya mtandio wa Salha. Kwenye skrini, mstari wa misuli yake uliokuwa umelala ukaanza kupanda.