Kumbukumbu za Barasa

Siku hizo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu aliyehitimu bila kufaulu somo la amani, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kuwekewa kichwani kumbukumbu za siku moja za mtu aliyekukosea. Nasimiyu aliwekewa za Barasa, jirani aliyechoma nyumba yao wakati wa vita vya mashamba, Wekesa, kaka yake Nasimiyu, akiwa ndani.

Alifaulu. Jumamosi akaenda nyumbani, na mama yake akampikia kuku.

"Sasa unamwelewa?" mama aliuliza wakila.

"Namwelewa, Mama. Alikuwa anaogopa. Walimwambia asipochoma, watamchoma yeye na wanawe."

Mama alisukuma sahani pembeni.

"Basi ulikuwepo. Niambie, Wekesa alisema nini?"

Nasimiyu alikuwa amesikia kila neno. Wekesa alimtambua Barasa kwa sauti, akamwita mjomba, akamsihi afungue mlango. Na Nasimiyu aliikumbuka mikono iliyoshikilia komeo kwa nje kama vile ilikuwa yake, mpaka joto la chuma kile alilihisi viganjani.

"Alikuwa amelala, Mama. Hakuamka kabisa."

Mama alilia kwa muda mrefu bila sauti. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso.

"Miaka yote hii nilidhani aliniita," alisema. "Kama hakuteseka, mwambie Barasa aje Jumapili tule naye."

Kisha akaichukua mikono ya binti yake, akaibusu mmoja baada ya mwingine.