Ncha ya Pili ya Taulo

Tangu atoke eda, Bi Zamoyoni aliliosha gari la marehemu mumewe kila Ijumaa asubuhi, ingawa halikuwa na pa kwenda. Leo ilikuwa mara ya mwisho. Mnunuzi alikuwa njiani.

Gari lilikaa kivulini, maana matone yakikaushwa na jua huacha madoa. Milango aliikausha kwa kuigusagusa tu na kitambaa. "Ukizungusha mkono unalichora," marehemu alizoea kumwambia, "na michoro hiyo haifutiki."

Kazi ilikuwa paa. Zamani walilikausha wawili: taulo kubwa likitandazwa juu, yeye akishika ncha huku, mumewe kule, wakilivuta taratibu hadi nyuma pasibaki tone. Sasa alilirusha taulo, akazunguka ng'ambo kulinyoosha, aliporudi akakuta huku limejikunja. Akazunguka tena.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

Mnunuzi alimtazama kidogo. Alivua saa yake asije akaikwaruza rangi, akaitia mfukoni, akashika ncha ya pili.

"Tuvute?"

Taulo likakazika mikononi mwa Bi Zamoyoni. Alikuwa ameshasahau uzito wa mtu aliye upande wa pili.

Wakalivuta polepole. Paa likabaki kavu, linang'aa, halina hata alama.

"Tayari, mama," mnunuzi akasema, akaachia ncha yake.

Bi Zamoyoni alilitazama lile paa. Kisha akainama, akainua ndoo ya maji safi, akalimwagia upya.