Sala ya Nungunungu

Enzi zile wanyama wa msitu mmoja walikuwa na safu moja ya sala, na Hondohondo ndiye aliyewaongoza kila alfajiri kwa sauti iliyotikisa majani. Nungunungu peke yake hakuja.

"Asiyesali nasi hana Mungu," Kanga alilalama. "Mfukuze, mzee wetu, asije akatuletea laana."

Wote wakaunga mkono. Hondohondo akaruka hadi kwenye shimo la Nungunungu ili ampe siku tatu za kuhama. Akamkuta bibi huyo ameinamisha kichwa, akiwaombea majirani mmoja mmoja kwa jina, hata Kanga na vifaranga vyake. Mwisho akasema, "Na mke wa Hondohondo, aliyejiziba ndani ya mti na mayai yake, mjalie subira."

Hondohondo akanywea. Siku arubaini mkewe hakuwa amefika kwenye safu, wala yeye hakuwahi kudhani kwamba hana Mungu.

"Bibi, habari zake umezipata wapi?"

"Kila jioni napita chini ya mti wake, baba. Mimi naomba, yeye anaitikia kupitia kile kitundu unachomlishia."

Macho yakamlowa Hondohondo. Siku zote hizo alimpelekea mkewe matunda, sala hakumpelekea hata moja. Akainama palepale mlangoni, akaitikia amina.

Aliporudi, Kanga alimkimbilia. "Vipi, umemfukuza?"

"Nimesali nyuma yake," Hondohondo akajibu. "Na jioni nitakwenda tena. Anayetaka kufuatana nami, na aje."