Milimita Nane

Magari mawili mekundu yalisimama ubavu kwa ubavu ndani ya gereji, na mojawapo lilikuwa limebakiza siku tatu duniani.

Mtafiti aliweka mkoba wake juu ya meza ya kazi. Alikuwa ameajiriwa kuandika historia za magari ya zamani ya mbio ya Kiitaliano: kila moja nani aliliunda, nani alilinunua, nani aliligonga ukutani. Tangu amalize chuo alikuwa hajawahi kupewa gari alichunguze peke yake. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga pasi mpaka soksi.

"Yote mawili yana namba ileile ya chesisi," alisema binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye mrithi. "Baba alinunua moja huko Italia. La pili aliagiza litengenezwe hapahapa, awe anapeleka hilo kwenye maonyesho, lile la kweli lisichubuke. Halafu akafa bila kusema lipi ni lipi."

"Hakumwambia mtu?"

"Baba? Hata ugonjwa wake tuliusikia kwa majirani."

Makumbusho yalikuwa tayari kulipokea gari la kweli, ila kwa sharti moja. Pacha wake avunjwe kwanza, asije mtu kesho akadai kuwa la kwake ndilo.

Kwenye kona, fundi wa kunyoosha bodi alikuwa akifuta nyundo iliyokwisha takata zamani. Yeye ndiye aliyemtengeneza huyo pacha. Alimgonga kwa mkono, bati kwa bati, miaka kumi na mmoja. Mke wake alikuwa akiliita lile gari mke mwenza.

"Mwanangu," fundi alisema, "si uniulize mimi?"

Mtafiti alisikitika kwa dhati. "Kanuni hairuhusu, mzee wangu. Mtu ambaye chake kiko hatarini hawezi kuwa shahidi. Tunasikiliza chuma na karatasi tu."

"Chuma hakisemi yote."

"Lakini hakina upendeleo."

"Haya. Mimi nimejaribu," fundi alisema, akarudi kwenye nyundo yake.

Chuma hakikuwa na haraka ya kusema. Injini hazikusaidia, kwa sababu marehemu alikuwa na tabia ya kuzihamisha, leo huku, kesho kule. Rangi ilitoka kopo moja. Viti vyote vinne vilishonwa upya wiki ileile, kwa uzi uleule. Mtafiti alilala chali chini ya magari yale siku nzima, akatoka na mafuta masikioni.

Siku ya pili, ndani ya boksi la karatasi za bima, alipata picha. Gari jekundu lilikuwa likishushwa kutoka melini. Nyuma ya picha paliandikwa tarehe: miaka mitano kabla fundi hajagonga bati la kwanza la pacha. Mtafiti alichukua kioo cha kukuzia. Taa ya kushoto ilikaa chini kidogo kuliko ya kulia.

Akachukua rula na kwenda gereji akikimbia.

Gari moja lilikuwa na tofauti ya milimita nane. La pili halikuwa na tofauti yoyote.

"Zamani Waitaliano waligonga bodi kwa mkono," alimweleza mrithi, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Mtu mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mmoja na jicho lake. Gari lililoshuka melini lina kombo, na picha ndiyo hii. Hili jingine limenyooka mno. Wenyewe hawakuwahi kutengeneza gari lililonyooka hivi."

Mrithi alipima mwenyewe, mara mbili. Kisha akamgeukia fundi. "Baba mdogo, una neno?"

Fundi alilitazama lenye kombo. Akalitazama lililonyooka. Akafungua mdomo.

"Kanuni," mtafiti alimkumbusha kwa upole.

Fundi akaufunga.

Ijumaa asubuhi gari lenye kombo lilipakiwa kwenda makumbusho, pamoja na faili la kurasa sitini na nne, kila ukurasa na mhuri wake. Lililonyooka lilivutwa hadi kwenye yadi ya vyuma chakavu. Fundi alikuja amevaa suti na tai. Vibarua wakaulizana nani amefiwa.

Mashine ya kubana vyuma ilimaliza kazi kwa dakika nne. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa furushi jekundu, dogo kuliko jokofu. Fundi alivua kofia, akainamisha kichwa, midomo ikimcheza.

Mtafiti alimsogelea, macho yamemlowa.

"Pole sana, mzee wangu. Jana sikupata usingizi. Nimeongeza ukurasa mmoja mwishoni mwa faili, unaosema kwamba pacha alikuwa kazi ya mikono yako. Jina lako limo. Hutasahaulika."

"Ahsante, mwanangu. Una moyo mzuri." Fundi alipenga kamasi kwenye leso, akaikunja vizuri. "Marehemu alitaka lifanane na lake, nami nikalitengeneza na kombo zake zote. Sasa lile lake, kila nikiingia gereji linanitazama na jicho limelegea. Mimi nanyoosha magari ya watu miaka thelathini! Siku moja bosi kasafiri, uzalendo ukanishinda. Nikalinyoosha."

"Ukanyoosha lipi?"

Fundi alielekeza kidole kwenye lile furushi.

"Hili la Mwitaliano," alisema, akivaa kofia yake. "Langu mmelipeleka makumbusho."