Redio Haijaitikia

Redio ilikoroma kidogo, kisha ikasema, "Hamjambo, watoto?"

Darasa zima la mwalimu Filomena likasimama. "Hatujambo! Shikamoo, mwalimu!"

Redio haikuitikia. Ikaanza kueleza jinsi mvua inavyotoka baharini.

Watoto wakabaki wamesimama.

Filomena aliitazama ile redio, ya kwanza kuingia shuleni kwao Temeke. Asubuhi ile aliitandikia mezani kitambaa chake mwenyewe cha kufuma. Nyuma ya darasa alikaa Bwana Mkaguzi, aliyekuja kuamua kama ibaki au irudishwe mjini.

"Kaeni," Filomena alinong'ona.

"Mwalimu, hajaitikia marahaba," alisema msichana wa mbele. "Tutakaaje?"

"Hawezi kutusikia, mama."

Msichana akawageukia wenzake. "Jamani, hasikii vizuri!"

"SHIKAMOO, MWALIMU!" walipiga kelele mpaka kuku wakatimka uwanjani.

Redio ikaendelea na mawingu yake.

Bwana Mkaguzi akainuka. Alipita katikati ya madawati polepole, uso umekunjamana, akaunyoosha mkono kwenye redio. Filomena akafumba macho, akingoja izimwe.

Haikuzimwa. Alipofumbua macho, mkaguzi hakuwapo. Sauti nzito ikatoka nyuma ya redio:

"Marahaba, wanangu! Haya, kaeni!"

Wakakaa wote kwa furaha, ingawa chini ya meza walikuwa wakiyaona waziwazi magoti ya mtu aliyechuchumaa, kaptura ya kaki, na soksi ndefu nyeupe.